Mama Pacha na Wenzake

Kama si pasi, kesi ingeitwa kwa jina la mshonaji. Siku wakili alipokuja mtaani kuandikisha wadai, yeye ndiye aliyewahi kiti cha kwanza mlangoni. Kisha akakumbuka kwamba ameacha pasi ikiwaka juu ya suruali ya mteja.

"Nishikie nafasi," alimwambia wifi yake, mjane wa kaka yake.

Aliporudi, wifi, yaani Mama Pacha, alikuwa ameshaingia na kuandikishwa wa kwanza. Na suruali ilikuwa imeungua vilevile.

Tangu hapo redio, magazeti na wapiga soga wa kituoni walisema kesi ya Mama Pacha na wenzake. Mshonaji alikuwa mmoja wa wenzake.

Kaka yake alikuwa mpasua betri katika kiwanda nyuma ya nyumba zao, ambako betri chakavu za magari ziliyeyushwa ili kupata madini ya risasi. Alizipasua kwa shoka, puani amefunga kitambaa. Figo ziliposhindwa, mkewe alikuwa na mimba ya mapacha na amekatazwa kuinama. Aliyemgeuza mgonjwa kitandani, akamfulia na kumlisha uji kwa kijiko, alikuwa dada yake, yule mshonaji. Katika madai ya kifo sheria haina nafasi ya dada; inamtambua mke, na mshonaji aliandikishwa kama mkazi wa mtaa tu. Daktari aliyekuta risasi katika damu ya watoto wa mtaa alihamishiwa mpakani. Mwenye kiwanda, aliyeshtakiwa katika kesi hiyo, alikuwa shemeji wa waziri. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, na halikuandikwa na yeyote.

Jioni moja Mama Pacha alionekana kwenye televisheni ya jirani, amevaa gauni la kola nyeupe.

"Nilimuuguza mpaka pumzi ya mwisho," alimwambia mtangazaji.

"Gauni limemkaa," alisema jirani. "Kashona nani?"

"Mimi," alisema mshonaji.

Wiki iliyofuata Mama Pacha alichukuliwa na gari lisilo na namba. Alirudishwa siku ya tatu, hana alama hata moja mwilini, na alikuwa ameweka sahihi ya kujitoa katika kesi.

Wakili aliwaita wadai waliobaki. Alieleza bila kupamba: mdai wa kwanza ndiye aliyekula kiapo kwa niaba ya wote; akijitoa, lazima mwingine asimame mahali pake kabla ya kesi kutajwa Jumatatu, la sivyo itafutwa. "Na atakayesimama," aliongeza, "ajue kwamba wanamsubiri."

Watu walitazama viatu vyao. Muuza mkaa, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aligundua kwamba ana kikohozi. Mshonaji moyoni alisikia kitu alichokitambua mara moja, na kilikuwa furaha. Aliondoka akaenda kwa wifi yake.

Mama Pacha alikuwa akichambua mchele. Mapacha walikuwa ndani, ingawa nje kulikuwa na jua na wenzao walikuwa wakicheza.

"Umekuja kunicheka, wifi?"

"Nimekuja kujua wamekufanya nini."

"Hawajanigusa. Wamenipa chai ya maziwa." Aliokota kijiwe akakitupa. "Wamenionyesha picha za wanangu wakitoka chekechea. Picha nzuri, zimetoka safi. Wakaniuliza yupi mkubwa."

Mshonaji akavuta kigoda, akakaa.

"Haya, ichukue sasa," alisema Mama Pacha. "Si ulikuwa unaitaka? Unadhani sikuwa naona? Ulikuwa unanipima gauni huku unanichoma pini."

"Pini zilikuwa bahati mbaya."

"Zote?"

"Ya kwanza."

Mama Pacha alicheka kidogo, akaacha. "Nilisema uongo kwenye televisheni. Wewe ndiye uliyemuuguza. Niliona aibu kusema mume wangu aliuguzwa na dada yake, mimi nimelala."

Kwa muda mrefu mshonaji alitamani kuyasikia maneno hayo. Sasa yalisemwa mbele ya ungo wa mchele, hayakuwa na shahidi, na hayakumtosha. Kaka alikuwa wake kabla hajawa wa mtu mwingine. Kwamba kifo chake kifungwe kwa sahihi ya mwanamke huyu, hilo lilimshinda kumeza kuliko gari lisilo na namba.

"Mimi sina watoto wa kupigwa picha," alisema.

"Una cherehani. Una shingo."

"Cherehani utanitunzia. Usishone nayo chochote, unakata sindano."

Jumatatu alikwenda mahakamani amevaa gauni lake mwenyewe, kola nyeupe vilevile. Alikula kiapo kwa karani na sahihi yake ikagongwa muhuri. Katika benchi la nyuma mwanamume mwenye kofia aliinua simu, akampiga picha bila kujificha.

Hakimu akaingia. Karani akachukua jalada na kusoma kilichoandikwa juu yake siku lilipofunguliwa, maana jalada halibadilishwi jina kwa sababu watu wamebadilika.

"Mama Pacha na wenzake," alisoma. "Mdai wa kwanza yupo?"

Mshonaji alimtazama karani, kisha wakili, aliyeitikia kwa kichwa kidogo: ndivyo ilivyo, itabaki hivyo hadi hukumu.

Akasimama.

"Nipo," alisema.