Bangkok kwenye Mkeka

Mume wangu Yasini alinifundisha Bangkok juu ya mkeka. Roli nyeusi ya uzi ilikuwa kituo cha treni ya juu, roli ya kijani mfereji, na mkasi ndio barabara kubwa ambayo huvuki kwa chini, unapanda daraja. Soko la Pratunam lilikuwa kikopo cha vifungo. Nyuma ya kikopo aliweka tasbihi yake.

"Hapa pana kichochoro chenye msikiti," alisema. "Ukipotea, uliza msikiti. Usiulize soko, kila mtu atakupeleka soko lake."

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekwenda kuleta lesi na mitandio tunayouza dukani kwetu hapa Jeppestown. Safari ya mwisho alirudi na lesi ya harusi yenye weupe wa aina mbili, na ni wateja waliotuonesha. Daktari akasema ni presha ya macho, asisafiri tena peke yake. Mimi nilianza masomo ya jioni kule Doornfontein ili nimsomee maandishi ya chupa zake za dawa. Sikujua kwamba nitatakiwa kusoma mabango ya nchi za watu.

Jirani yetu Célestine, msusi kutoka Bukavu, alikuwa anakwenda Bangkok kununua nywele, akakubali tufuatane. Viza zilikuwa zimetoka. Wakala wa tiketi alitushikia viti hadi Ijumaa. Yasini alishatoa ruhusa, lakini alisema wazi pia: nisipokwenda mimi, atakwenda yeye na macho yake hayo hayo, kwa sababu duka haliwezi kuingia Ramadhani likiwa tupu.

Nikaswali istikhara kumwomba Mola anichagulie, nikalalia ubavu wa kulia, nikangoja kuoneshwa. Niliota lifti ya jengo letu imejaa sukari. Usiku mwingine nikaota Steve, mwalimu wetu wa jioni, anafuta ubao kwa mtandio wangu. Niliwasimulia watu, na kila mtu alikuwa na tafsiri: sukari ni heri, lifti ni kukwama. Mama mmoja wa Tanga alinionya nisikate tiketi mpaka nione ndotoni kitu cheupe au cha kijani.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Célestine kwamba bado sijapata jibu. Alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, hakuinua macho.

"Mama Fauzia, Mungu yako anasemaka usiku tu?" aliuliza. "Ya kwangu ananisemeshaka hata wakati niko nasuka."

Mteja alicheka. Nami nilicheka, lakini nilirudi dukani na neno lile kifuani.

Jioni ile, baada ya magharibi, Yasini alipanga tena roli zake. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kabla ya safari yake ya kwanza, aliota nini?

"Nani, mimi? Nililala kama gunia," alisema. "Niliswali, nikaenda kwa wakala. Nikasema, Mola akitaka kuufunga mlango huu, hatashindwa. Haukufungwa, nikapita."

"Na moyo haukuogopa?"

"Uliogopa mpaka angani. Istikhara haiondoi woga, Mama Fauzia. Unamkabidhi Mola shauri lako, kisha unanyanyua mguu."

Akaendelea kueleza pa kushukia treni, na huku anaeleza akaiweka roli nyeusi upande usio wake wa mkasi, karibu kabisa na ukingo wa mkeka. Hakuiona. Aliendelea kuionesha kwa kidole mahali ambapo haikuwapo.

Niliichukua, nikairudisha ng'ambo, nikauweka mkono wa Yasini juu ya roli. Vidole vyake vikapima kutoka roli hadi mkasi, kutoka mkasi hadi kikopo, taratibu, mpaka vikafika kwenye tasbihi.

"Hapo," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaongeza, "Kumbe wewe umeshafika."

Baada ya isha niliswali rakaa mbili nyingine. Safari hii sikuomba kuoneshwa kitu. Niliomba tu nirudi na weupe wa aina moja.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta Célestine anafungua saluni na kupanga mafuta yake ya nywele, kabla hajaenda kwa wakala.

"Umeota?" aliuliza.

"Nimelala," nikamjibu, nikampa pasi yangu ya kusafiria aende nayo kwa wakala.

Alifuta kwanza mafuta ya nywele mikononi, ndipo akaipokea.