Mama wa Gambuti Mbili

Kwetu Wabukusu, baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe. Kwa hiyo nilimuuguza Valarie nikiwa nje ya dirisha. Mwanangu Maxwel alikuwa safarini na lori. Kila asubuhi niliweka kiti changu pale ukutani, ukungu ukishuka kutoka mlima Menengai, hadi mabati ya majirani yakaonekana kama yanaelea.

Alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Kidonda kilikuwa kinafunga vizuri. Uji wa wimbi aliunywa, na aliweza kufika bombani akishika ukuta. Lakini hakumshika mtoto wake. Edinah, mdogo wa marehemu mke wangu, ndiye aliyemweka kifuani pa mamake anyonye. Valarie aligeuza uso, kisha akasema, "Mchukue."

"Shemeji," Edinah aliniambia uani akikamua nepi, "tumbo limeshonwa, lakini roho bado iko wazi. Tumrudishe kliniki."

"Jumatatu tutaenda."

"Na wewe unakaa hapo tu kama askari wa benki."

"Askari wa benki si husinzia?"

"Ndiyo nasema!"

Alipoenda dukani kununua sabuni, mtoto alikuwa amelala. Ukungu ulikuwa mzito, umeingia hadi kwenye pazia. Nikasikia sauti kutoka ndani, ndogo, kama ya mtu aliye ng'ambo ya maji.

"Baba, uko?"

"Niko, mama."

"Nikikuambia kitu, utasema nimerukwa na akili?"

"Sema kwanza."

"Nikifumba macho tu, kuna mama anakuja. Anatoka kwa ukungu, na hatua zake hazisikiki. Anasimama mlangoni, ananyoosha mikono. Anasema, 'Nipe mtoto.' Ndiyo maana simshiki. Nikimzoea, halafu amchukue?"

"Amevaa nini?"

"Leso. Na gambuti. Moja nyeusi, moja ya kijani. Zimejaa udongo."

Nilishika ukingo wa dirisha. Mke wangu Nekoye alichimba viazi mashambani Dundori miaka mingi. Gambuti zake nyeusi za mpira zilitoboka mguu mmoja, na za kijani zikatoboka mwingine, naye akavaa zile nzima mbili bila kuona haya. Alifariki kabla Maxwel hajaoa. Picha yake ya pekee, iliyo sebuleni, ni ya kanisani, na amevaa viatu vyeupe.

"Huyo ni mama mkwe wako," nilisema. "Kwetu, marehemu akija hivyo hanyang'anyi mtoto. Anaomba jina lake apewe mtoto, na mtoto akiitwa jina lililo lake hunyamaza."

"Sasa mbona asiseme 'nipe jina'?"

"Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza ya ndoa yetu aliniambia mawili tu: 'Leta chumvi.'"

Valarie alicheka, kisha akalia, "Wui! Baba, usinichekeshe, kidonda!"

Kicheko hicho kilimwamsha mtoto, naye akaanza kulia. Nilitazama njia ya dukani, lakini Edinah hakuonekana. Ndani kitanda kililalamika. Unyayo mmoja ukagusa sakafu, ukapumzika, kisha mwingine.

"Nekoye," nilimsikia akisema. "Nekoye, njoo kwangu."

Mtoto alizidi kulia.

"Baba, hajanyamaza!"

"Umemshika?"

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na upande wa ziwa lililo bondeni kulikuwa na mng'ao wa waridi, kama kitambaa kilichoanikwa.

"Nimemshika."

Jumatatu tulienda kliniki kama tulivyopanga. Edinah alinyoosha mikono ambebe mtoto, Valarie akampa begi.