Mahari ya Rili

Siku ya kuletwa mahari, Mbuke alikaa mlangoni pa jiko akipepeta choroko, macho yake njiani. Baba yake, mzee Maige, alikuwa ameziba mapengo yote ya zizi kwa miiba mipya, maana pale Nyahanga mtu akipokea ng'ombe wa binti yake halafu wakatoroka siku hiyohiyo, atachekwa mpaka azeeke. Kaka yake Mbuke naye alikuwa amekwisha kuchumbia kwa kuwategemea haohao. Kwa hiyo nyumba nzima ilitega masikio kusikia kwato.

Wakasikia kengele ya baiskeli.

Aliyeipanda ni Maduhu, mchumba mwenyewe, kavaa kaptula nyeupe iliyompwaya, ya Mzungu wa karakana aliyekuwa akimfanyia uboi kule mgodini Geita. Nyuma yake alikuja mshenga, Pantaleo, kwa miguu, jasho likimtiririka, sanduku la mbao kichwani. Ng'ombe hawakuonekana hata mkia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Ng'ombe wako nyuma?" aliuliza baba mdogo Nkwabi, ambaye ukoo mzima ulimtegemea kukagua ng'ombe wa mahari.

"Wamo humu, baba," akasema Maduhu, akaligonga sanduku.

Likafunguliwa. Ndani, katika matambara masafi kuliko shuka za watu wengi, zililala rili: vile vigurudumu vya kuzungushia mshipi ambavyo Wazungu hufunga kwenye fimbo zao wakienda kuvua Nkome siku ya Jumapili. Zilipakwa mafuta, ziking'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Maduhu akaeleza, bila aibu, kwamba ng'ombe aliopewa na babaye aliwapeleka mnadani Shinyanga, na hizi ndizo alizonunua kwa Wazungu waliokuwa wakirudi kwao.

"Bwana wangu anazo kabati zima," alisema. "Wenzake wanatoka mbali kuja kuzitazama."

"Anavua samaki wengi, basi," akasema mzee Maige.

"Havui, baba. Anazifuta tu. Nilimuuliza, akasema kuvua ni kazi ya wenye njaa."

Akaanza kuzitoa moja moja. Hii ya shaba, alisema, ilitengenezwa Uingereza na fundi aliyeanza kwa kutengeneza saa. Fundi alipokufa wanawe wakagombana; mkubwa akabaki na shaba, mdogo akahamia kwenye mbao, na hii ya mbao ndiyo kazi ya huyo mdogo. Alama ya nyota maana yake imetengenezwa babu akiwa hai. Ikikosa nyota, ni ya wajukuu, na wajukuu walikuwa walevi.

Mbuke akaacha kupepeta. Mwanamume huyu, alipokuja kujitambulisha, alishindwa kutaja jina la bibi yake mzaa baba. Ukoo wa rili aliumaliza bila kumeza mate.

Baba mdogo Nkwabi akaichukua ile ya shaba. Akaipindua, akatazama chini yake kama anayetafuta chuchu, akachungulia ndani. "Meno yapo," akasema. Akazungusha. Krrrr. "Na inalia. Inazaa lini?"

Watu wakaangua kicheko. Pantaleo akajitutumua. "Hii haizai, mzee. Inakaa tu, na kila mwaka bei inapanda."

"Hata jiwe la kusagia linakaa, bwana."

"Lakini tazama mshikio wake, baba," Maduhu akasihi. "Ni pembe halisi ya ng'ombe."

"Afadhali! Kaka Maige, njoo upokee, ng'ombe wa kwanza kafika. Mwili unafuata."

Mbuke hakucheka. Alimpenda Maduhu, na hilo ndilo lililomchoma. Akienda bila ng'ombe, kule ukweni hata kuku angeitwa mwenye nyumba kabla yake. Mzee Maige akauliza taratibu, "Mwanangu, huyo bwana wako hawezi kuzinunua, ukapata ng'ombe tena?"

"Hiyo ya pembe ananibembeleza kila siku," akasema Maduhu, akaivuta kifuani. "Lakini baba, hakuna nyingine Tanganyika nzima!"

Mzee akamgeukia binti yake. "Ng'wanone, mwanangu, mtu ni wako. Tumpe muda, au tusimpe?"

Mbuke akainuka, akaingia ndani. Alirudi na rili ndogo, ile ambayo Maduhu alimpa siku ya kujitambulisha, na ambayo alikuwa akilala nayo karibu na kichwa chake. Tangu wakati huo aliizungushia uzi wa pamba wa kushonea vikapu. Akampa Maduhu mkononi.

"Nirudishie ng'ombe mmoja tu kwa hii," akasema. "Mmoja. Nitajua umeanza, na nitakusubiri."

Maduhu akaipokea. Aliuchomoa ule uzi harakaharaka, akautupa vumbini, akaigeuza rili kwenye jua.

"Umeikwaruza!" Sauti ikamkatika. "Mbuke, umeikwaruza ubavuni!"

Machozi yakamlengalenga. Mbuke akasimama pale, akingoja, kungoja alikuweza. Pengine angeinua macho. Maduhu akachomoa shati, akatema mate kwenye pindo lake, akaanza kusugua ule mkwaruzo polepole, kama anayemfuta mtoto kamasi.

"Baba," akasema Mbuke, "msimpe muda. Mtu huyu ameshaoa. Mfungieni wake zake sandukuni, waende kabla jua halijawapauza."

Pantaleo alilibeba tena lile sanduku, akinung'unika kwamba hata maji ya kunywa hakupewa. Baiskeli ilipopita kwenye miiba mipya ya zizi, Maduhu aliteremka, akaishikilia miiba kando, sanduku kichwani kwa Pantaleo lisije likaguswa na lolote.

Mbuke akaokota uzi wake, akaupulizia vumbi, akauzungushia kwenye gunzi la hindi. Ulikunjika vizuri tu.