Tufungieni Milango Tuone

Kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria gizani. Nikatega sikio, nikajua si panya; panya hasiti kila kitanda cha bibi kinapolia.

"Chiriku, unafanya nini huko jikoni?"

"Sili," akajibu, mdomo umejaa ukoko.

Binti yangu ana miaka minne, na jina la Chiriku alipewa na bibi yake, mama mkwe wangu, kwa sababu ya mdomo usiojua kituo. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo kwa kusudi moja, kuhakikisha siondoki bila yeye. Wala simlaumu. Yeye akirudi kutoka chekechea, mimi naenda darasa la jioni, kisha nafagia ofisi za watu, na nikifika nyumbani namkuta kalala chali kama mwenye nyumba. Mimi nilimjua kwa pumzi zake, yeye alinijua kwa harufu ya sabuni.

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya kuyamaliza hayo. Nilikuwa na mtihani wa mwisho wa kutembeza wageni: niwapitishe watu kwenye mitaa ya zamani iliyo kimya, nyuma ya ngome, huku mkaguzi akinifuata. Nikifaulu, napata beji na kazi ya mchana. Nikianguka narudi kwenye fagio, na usiku wa mwanangu unabaki kuwa wa bibi yake.

"Mchukue tu," mama mkwe alisema, akijikanda goti lililomvimba. "Kazi yenyewe ni ya kutembea, na miguu anayo."

Mkaguzi alikuwa anatusubiri kwenye lango la zamani, mwanamume mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine ikining'inia shingoni. Kando yake walisimama wageni wangu, fundi saa mstaafu na mkewe, ambaye alikuwa amevaa raba mpya nyeupe kama unga.

"Huyu ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Mwanangu, mzee. Nisamehe, sikuwa na pa kumwacha."

"Mwongozaji habebi mzigo."

"Mwache mtoto atembee, baba," mama wa raba akasema. "Mwenye mzigo ni mimi." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Mimi nilitaka ngome," mume akalalamika.

"Ngome tumeiona jana. Tumeona migongo ya watu."

Tukaanza vizuri. Niliwaonyesha kisima ambacho kamba za vizazi na vizazi zimekichonga mifereji ukingoni, na fundi saa akaingiza kidole kwenye mfereji mmoja akasahau kulalamika. Nikawaingiza kwenye uchochoro mwembamba, ambamo majirani wa ghorofani wanaweza kupeana chumvi kwa mkono. Mkaguzi akaandika kitu. Nikaona mwandiko hauna hasira, nikapata nguvu.

"Sasa tunaingia mtaa wa mafundi," nikasema. "Zamani kila fundi alichonga alama ya kazi yake kwenye mlango. Mkasi ni wa mshonaji, nyundo ni ya mhunzi, mizani ni ya mwenye duka. Hata asiyejua kusoma hakupotea."

Nikageuka kuwaonyesha mkasi, maana penye mkasi ndipo tunapokata kulia. Mkasi haukuwepo. Nyundo haikuwepo. Palikuwa na mapazia yanayopepea, kandambili, mashuka kwenye kamba na redio mbili zinazobishana.

Nikajikaza, nikakata kulia palipofanana. Uchochoro ukatupeleka mpaka kwenye banda la kuku, ukaishia hapo.

Fundi saa akawatazama kuku, kuku wakamtazama. "Na hawa," akauliza, "ni wa karne ya ngapi?"

Mkewe akamfinya. Mkaguzi akabadilisha miwani, akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Chiriku alikuwa amenishika kidole, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alikuwa kimya. Nikaiona miezi yote ya ufagio ikinipungia mkono.

Ndipo akili ikanijia, imechelewa kama mgeni wa harusi. Njia ile niliifanyia mazoezi kila nikitoka kufagia, usiku, kwa tochi, milango yote ikiwa imefungwa. Mchana watu wanaifungua, inaelekea ndani, na alama zinageukia ukutani. Mji niliousomea ulikuwa mji wa usiku.

Ningeweza kutunga uongo kuhusu kuku. Nikasema, "Mzee, nimepotea. Njia hii naijua milango ikiwa imefungwa tu."

"Kwa hiyo?" mkaguzi akauliza.

"Kwa hiyo naomba ifungwe."

Nikarudi mtaani kwa mama aliyekuwa anachambua maharage kizingitini. "Shikamoo, mama. Samahani, naomba ufunge mlango wako kidogo."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Wageni wote hutuomba tufungue wachungulie. Wewe unataka tujifungie?"

"Kidogo tu, mama. Wauone uso wake."

Akacheka, akavuta ubao. Mkasi ukatokea, mkubwa, umefunguka kama unataka kukata hewa. Mama wa raba akausogelea taratibu akaupapasa. Jirani wa pili hakungoja kuombwa, naye akafunga, nyundo. Wa tatu akafunga, na sauti ya mzee ikatoka ndani: "Nani kanizimia jua na mimi nanyoa ndevu?"

"Vumilia, babu, unatazamwa," mama wa maharage akamjibu.

Mtaa mzima ukajifunga mlango mmoja baada ya mwingine, na mimi nikausoma bila kukwama, nikiwaeleza nani alishona na nani alifua chuma, mpaka kwenye mizani, kushoto, mpaka ngazi za mwisho. Fundi saa ndiye aliyebaki nyuma. Alikuwa amekuta mlango wenye saa ya mchanga na hataki kuondoka.

"Tufungue sasa?" mama wa maharage akaita nyuma yetu. "Nina sufuria jikoni."

Mkaguzi akavua miwani zote mbili. "Kupotea ni kosa," akasema. "Wale kuku nimewaandika. Kesho urudi hapa mchana, ujifunze njia kama binadamu wengine. Jumatatu uje uchukue beji."

Nikauliza neno la kijinga: "Na jioni?"

"Jioni hatutembezi watu, binti. Jioni watu wanarudi kwao."

Chiriku akaniachia kidole. Akakimbia kurudi mtaani, akasimama mbele ya mama wa maharage, ambaye tayari alishafungua mlango wake, akamwambia kwa sauti:

"Mama yangu atakuwa nyumbani usiku."