Lita Kumi Zilizopotea

Alhamisi, tarehe 14 Machi 1996. Temeke iliamka na manyunyu mepesi, yale ya kutangulia masika, na kabla ya saa mbili jua lilikuwa limeshatoka, mvuke ukipanda kutoka barabarani kama kwenye sufuria iliyofunuliwa.

Mwishehe alikuwa akilifuta gari la tajiri wake mbele ya duka, na kwa muda mrefu mkono wake ulifuta mahali pamoja tu. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, alitakiwa aweke mkono juu ya msahafu, pale pale barazani, aape kwamba haibi petroli.

Mambo yote yalianzia kwenye dashibodi. Bwana Sultan, muuza rangi na vigae, alikuwa amenunua gari la mtumba kutoka Japani, jeupe, lenye kiyoyozi cha kumtia mtu mafua. Dashibodi yake haikuwa na mishale. Ilikuwa na tarakimu za kijani zinazowaka, na pembeni yake namba nyingine ndogo, yenye maandishi ya Kijapani ambayo mtaa mzima hakuna aliyeweza kuyasoma. Wakala aliyelitoa gari bandarini ndiye aliyewaambia kuwa namba ile ndogo ni kilomita zinazokwenda kwa lita moja ya petroli. Kila Bwana Sultan alipochungulia kutoka kiti cha nyuma, gari likiwa mbioni, alikuta kumi na tatu. Akaipenda. Akawa anawatajia wageni kumi na tatu yake kama mtu anayetaja alama za mtoto wake shuleni.

Kisha wiki iliyopita akapiga hesabu. Gari lilikuwa limekwenda kilomita mia mbili na kumi, likanywa lita ishirini na sita. Kwa ile namba ya dashibodi lilipaswa kunywa kumi na sita. Lita kumi hazikujulikana zilikokwenda.

"Mwishehe," alisema juzi, barazani, mbele ya jirani yake Abdulrahman, fundi cherehani, na wateja wawili waliokuja kununua rangi. "Mie sikuiti mwizi. Namba ndiyo inayosema."

"Inasemaje, tajiri?"

"Inasema kuna mtu ana mpira wa kunyonyea na dumu."

Wateja wakacheka. Abdulrahman hakucheka, alikata uzi kwa meno, akainama tena kwenye cherehani.

"Ijumaa utaapa," Bwana Sultan akamaliza. "Ukiapa, yameisha. Usipoapa, funguo uniachie mezani."

Mwishehe hakuogopa kuapa, maana mikono yake ilikuwa safi. Alichoogopa ni kuapishwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa mwaka wa ishirini na mbili alikuwa akiendesha magari ya watu bila jina lake kutajwa vibaya. Muadhini wa msikiti wao alipougua, Mwishehe ndiye aliyeadhini. Sasa alijiona akishika kipaza sauti, na waumini wakihesabu lita mioyoni mwao. Alfajiri ile alikaa kwenye sijda mpaka aliyekuwa pembeni yake akadhani amesinzia. Alitamani kuomba Bwana Sultan aumbuke, lakini ulimi ukakataa. Akaomba aonyeshwe tu zilikokwenda zile lita.

Na kwa kweli alikuwa na neno moja la kushika. Jana jioni alikuwa amekwenda darasani kama kawaida, kwenye shule ya msingi ambayo watu wazima walipewa chumba kimoja baada ya watoto kuondoka. Magoti yake yalikuwa hayaingii chini ya dawati. Mwalimu wao, Yustina, binti wa umri wa mwanawe, alilichungulia daftari lake.

"Mzee Mwishehe, leo hata saba mara nane imekushinda. Kuna nini?"

Akamweleza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. Yustina akafikiri huku akijipangusa chaki vidoleni.

"Mie gari nalijua kwa kulipanda tu," alisema. "Lakini kipimo chochote nakiuliza: unapima nini, na kipi hukipimi? Hiyo namba yenu inahesabu nini?"

"Sijui, mwalimu."

"Na tajiri wako anajua?"

"Hajui."

"Basi mnagombana juu ya kitu ambacho hakuna anayekijua. Jazeni tangi, mtembee, mjaze tena. Halafu ugawanye. Si tumeshafika kwenye desimali?"

Kwa hiyo asubuhi hiyo, Bwana Sultan alipotoka na mkewe Hayat aliyembeba mtoto, Mwishehe aliweka kitambaa chini.

"Tajiri, kesho niapishe. Lakini leo naomba tupime. Tujaze tangi mpaka shingoni, twende safari zetu kama siku zote, jioni tujaze tena. Na awepo mtu wako wa kunilinda."

"Mwenye hatia hajiletei mlinzi," Abdulrahman alisema kutoka kwenye cherehani yake, bila kuinua kichwa. Hilo likamfanya Bwana Sultan akubali.

Mlinzi alikuwa Jamali, mdogo wake Hayat, kijana wa maneno mengi ambaye tangu juzi alikuwa akimwita Mwishehe Mzee wa Dumu. Kituoni walijaza huku Jamali akilitikisa gari kwa nguvu zote ili hewa itoke tangini, mpaka petroli ikaonekana kwenye shingo. Wakaandika kilomita. Kifuniko cha tangi kikafungwa kwa ufunguo, na ufunguo ukaingia mfuko wa shati la Jamali.

"Ukiutaka huu, mzee, itabidi uninyonye mie kwanza," Jamali alisema.

Safari ya kwanza ilikuwa Kurasini. Bwana Sultan alikuwa na kontena la vigae kwenye yadi, na kama kawaida aliingia ndani na karatasi zake, akawaacha wengine kwenye gari nje ya geti, katikati ya malori. Joto lilikuwa la kuchemsha.

"Baba Raudha, usizime," Hayat alimwambia Mwishehe, akimwita kwa jina la bintiye kama alivyozoea. "Mtoto kalala."

"Sizimi, mama."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara. Robo saa ikapita, nusu saa, saa nzima. Jamali, aliyekaa mbele, akachoka kuangalia malori akaanza kuangalia dashibodi.

"Mbona namba ya bwana shemeji imekimbia? Hapa naona vistari tu."

"Huwa inafanya hivyo likisimama," Mwishehe alijibu. "Magurudumu yakizunguka, inarudi."

Jibu lake mwenyewe likamgutusha. Alikuwa ameviona vile vistari miezi mitano, kila siku, na hakuwahi kuviuliza kitu. Namba ilikuwa imelala. Lakini chini ya miguu yake injini ilikuwa inanguruma, na kiyoyozi kilikuwa kinapuliza. Akatia mkono nje ya dirisha akalisikia joto la injini likija kutoka mbele. Akaona ni heri asiseme lolote mpaka pampu iseme.

Bwana Sultan alitoka baada ya saa moja na nusu. Wakaenda Msasani kwa mama yake Hayat, na pale nako gari likanguruma chini ya ukuta nusu saa nzima, mtoto akiwa bado usingizini. Njiani, kila Mwishehe alipopata barabara tupu, namba ilisimama palepale: kumi na tatu.

Saa kumi jioni walirudi kituo kilekile, pampu ileile. Kilomita zilikuwa arobaini na mbili. Jamali alitoa ufunguo mfukoni, akamwonyesha shemeji yake, akafungua kifuniko na kulitikisa tena gari mpaka petroli ikafika shingoni kama asubuhi. Pampu ikasimama kwenye lita tano na robo.

Mwishehe alilitoa daftari lake la darasani, akaliweka juu ya boneti. Akaifuta desimali kwa kuzidisha mara mia pande zote mbili, kama alivyofundishwa: elfu nne mia mbili, gawanya kwa mia tano ishirini na tano.

"Nane," alisema. "Nane kamili, haibaki kitu."

Bwana Sultan akalichukua daftari. Akarudia hesabu kwa kidole. Akautazama ufunguo mkononi mwa Jamali, akatazama kifuniko.

"Ile ya wiki iliyopita," alisema taratibu. "Mia mbili na kumi kwa ishirini na sita."

"Nane na kidogo, tajiri. Nimeshaigawanya."

"Na kumi na tatu yangu?"

"Ni ya kweli likiwa linatembea. Likisimama, namba haihesabu. Lakini petroli inaendelea kuungua. Leo tumesimama kwa muda wa saa mbili na injini inawaka."

Hayat ndiye aliyeanza kucheka, mtoto akiruka begani kwake.

"Kumbe lita kumi nimezinywa mie na mwanangu. Haya, Sultan, niapishe."

Jamali akamshika Mwishehe mkono kwa mikono miwili. "Nisamehe, mzee. Nilikuita jina baya." Mwishehe akaitikia kwa kichwa. Akageukia upande wa mabati ya kituo, akasema alhamdulillahi polepole mara tatu, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu juzi, yakashuka yenyewe.

Waliporudi dukani, Bwana Sultan alimwita pembeni. "Ndugu yangu, yameisha. Nimekosea."

Abdulrahman alisimamisha cherehani. "Sultan, ulimchafua kwa sauti ambayo hata mie mwenye sikio bovu niliisikia. Unamsafisha kwa kunong'ona?"

Bwana Sultan uso ukamwiva. Kisha akapanda barazani, akamshika Mwishehe mkono ili asimame naye. Majirani waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo.

"Sikilizeni," alisema kwa sauti. "Abdulrahman, mke wangu, Jamali, na nyie wengine. Mwishehe hakuniibia hata kijiko cha petroli. Kesho hakuna kuapa, tutakwenda kuswali tu. Na naahidi mbele yenu, Mungu akinipa uhai: nikiona kimepungua kitu changu, nitapima kwanza, tena nikiwa na mtu huyu pembeni yangu, ndipo nifungue mdomo."