Vipimo vya Mama Pipa

Fundi cherehani aliweka vipimo vya wateja kwenye programu ya simu aliyotengenezewa na mpwa wake. Kila mteja alimwandika kwa jina la utani alilolijua yeye peke yake, kwa hiyo simu hiyo hakuiacha mezani hata akienda msalani.

Jumatatu, duka kubwa la programu likaifuta. "Eti si salama kwa watumiaji," mpwa alilalamika. Alhamisi, duka hilohilo likatoa programu yake yenyewe ya mafundi nguo.

"Ijaribu, mjomba."

"Mtu amfukuze mwenzake mnazini, kisha apande yeye? Hapo pana jambo."

Aliifungua huku ameikodolea macho. Kabla hajaandika lolote, ikamuuliza: "Tuendelee na gauni la Mama Pipa? Kiuno inchi arobaini na nne?"

Fundi akakauka. Mama Pipa ni mama mkwe wake.

Mpwa alicheka, kisha akaipiga picha skrini hiyo. "Mjomba, jina hilo lilikuwa kwenye programu yangu tu. Wametuibia! Nikiipeleka picha hii tume ya ushindani wa kibiashara, wamekwisha."

"Na mimi nimekwisha. Kesi itasomwa hadharani."

"Basi niache kazi yangu ya miaka miwili iende hivihivi?"

Mlangoni mama mkwe akabisha hodi, amekuja kujaribu gauni. Fundi alimtazama mpwa wake, akashusha pumzi.

"Ipeleke," alinong'ona. Kisha akavuta kiti. "Karibu, mama. Kaa kwanza. Kuna jina afadhali ulisikie kwangu."