Maboksi Yaliyokalia Kiti cha Qumaq

Mashine ilipoanza kunguruma, Qumaq alifumba macho akarudi kwao kaskazini, nchi ya barafu. Haikuwa kazi ngumu. Mngurumo ule aliusikia kama sleji inayoburutwa na mbwa juu ya theluji kavu, na ubaridi wa damu yake iliyokwisha kusafishwa, ukimpanda mkononi taratibu, ulikuwa ubaridi wa ghuba barafu inapoanza kushika. Aliziona nyumba za kijijini zikiutazama ufuko, mbwa wa mumewe wakipiga miayo. Kisha nesi akamgusa bega, na kumbe yumo katika chumba cheupe kusini, katika mji wenye miti mingi hata mtu haoni mwisho wa dunia uko wapi.

Figo zake zilikuwa zimechoka. Zahanati ya kijijini ilikuwa na manesi wawili na dawa za kawaida. Mashine ya namna ile haikuwapo, wala isingeletwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, mahali ambapo hata maji huletwa nyumbani na lori. Basi Qumaq akawa mtu wa hosteli ya wagonjwa, mwaka wa pili sasa, akila kuku na viazi na kuota nyama ya sili, mnyama wa bahari ya kwao. Jioni mumewe Putulik humpigia simu. Wote wawili hawakuwa watu wa simu. Mara nyingi walinyamaza tu, huyu akisikiliza pumzi za yule, mpaka mmoja aseme upepo umegeuka.

Siasi, binti wa kaka yake, alikuwa mkalimani pale hospitalini. Ndiye aliyemletea habari kwamba iko njia nyingine: mgonjwa huwekewa mrija mwembamba tumboni, akatiwa maji ya dawa kutoka kwenye mfuko, yakakaa humo yakivuta uchafu wa damu, kisha yakamwagwa. Hakuna mashine kubwa, na mtu aweza kufanyiwa nyumbani.

"Nyumbani kwangu au nyumbani kwa watu wa huku?" Qumaq akauliza.

"Popote, shangazi, mradi pawe safi."

Daktari hakupinga. Kilichokwama ni maboksi. Ile mifuko ni mizito, na ikiganda imeharibika, kwa hiyo lazima isafiri kwa ndege, tena mahali penye joto. Akaja Bwana Gauthier, mkuu wa safari za wagonjwa katika ofisi ya afya, mtu mpole aliyezungumza akiitazama mikono yake. Putulik akawekwa kwenye simu kutoka zahanati. Gauthier akaeleza kwamba fedha za kumleta mgonjwa kwenye dawa zipo, lakini fungu la kumpelekea mgonjwa mmoja dawa nzito kiasi kile halipo. Si kwamba amekataa. Hana mahali pa kulitoa.

Siasi alitafsiri huku sauti ikizidi kushuka. Ndani ya simu ukasikika upepo ukisugua ukuta wa zahanati. Qumaq aliufuata upepo ule kwa muda, akaenda nao mbali, akarudi.

"Muulize," akasema, "mimi nina kiti kwenye ndege?"

Gauthier akajibu kwamba anacho kila msimu, cha kwenda kuwasalimia wa nyumbani na kurudi, na msindikizaji wake pia anacho.

"Basi nikifika sirudi tena. Kiti changu kitakuwa kitupu kila msimu. Maboksi yakae hapo, na mwandike kwamba ni mimi."

Gauthier alicheka, halafu akaacha kucheka. Kwenye simu Putulik akakohoa.

"Yafungeni mkanda vizuri," akasema. "Huyo mwanamke hajatulia kwenye kiti tangu nimwoe."

Mkuu yule aliondoka bila kuahidi kitu. Majani ya ile miti mingi yakageuka rangi, yakaanguka, na Qumaq akawa anasinzia na kuamka, hata asijue lini yuko huku na lini yuko kule. Theluji ilikuwa imeshafika mjini jibu lilipokuja: wajaribu mwaka mmoja, na maboksi yasafiri kwa fungu la wasafiri.

Nyumba yao ilikuwa imejaa watu kila pembe, na nesi alitaka chumba kisicho na msongamano. Jirani yao Akinisie akawachukua wajukuu kwake. Aliposhukuriwa akauliza kama wamesahau amekula samaki wa nani miaka yote hiyo. Putulik mwenyewe akaupaka ukuta wa chumba rangi nyeupe, akapanda ndege kwenda kusini kujifunza kazi ya mrija, ambao Qumaq alikuwa amekwisha kuwekewa. Mzee aliyechuna sili tangu ujana wake sasa alisimama kwenye karai la hospitali akinawa mpaka viwiko, akiimba wimbo wa kanisani ili asifupishe kunawa. Alipoushika mrija, mikono ilitetemeka.

"Mbona kwa sili hutetemeki?" Qumaq akamuuliza.

"Sili hanitazami hivyo."

Wakarudi pamoja. Maboksi yalipangwa chumbani mpaka dirishani, na Qumaq alilala katikati yake kama mtu aliyelala ndani ya nyumba ya theluji. Lakini katikati ya baridi ikaja tufani, ndege ikageukia kiwanja kingine, na mzigo wa maboksi mapya ukaganda hukohuko, wote. Akiba ilipokaribia kwisha ilibidi Qumaq arudishwe kusini. Aliketi kwenye ndege uso ameuelekeza ukutani. Alidhani ndiyo mwisho. Jioni Putulik alipompigia hakunyamaza kama kawaida yake. Alisema kijiji kimekutana, duka limetoa ghala lake lenye joto, na zahanati itaweka akiba ya kutosha tufani ndefu. Gauthier naye alipiga simu, akasema jaribio haliishi kwa sababu ya upepo. Kabla ya barafu kulegea, Qumaq alikuwa nyumbani. Mwaka ulipotimia, ofisi ilitenga fungu la maboksi, maana wazee wa vijiji vingine nao walikuwa wameanza kuuliza.

Majira ya jua refu yalipofika, barafu ya ziwa ikiwa bado ngumu, Putulik alimpeleka ziwani kwa sleji, akapiga hema juu ya barafu, akatoboa tundu la kuvulia. Mfuko wa dawa aliubeba ndani ya koti lake la manyoya, kifuani, ukapata joto la mwili wake. Akafunga mlango wa hema, akanawa akiimba, akautundika mfuko kwenye mlingoti, akampa Qumaq uzi wa ndoana ashike. Mwanga uliopenya turubai ulikuwa wa rangi ya mafuta ya samaki. Qumaq alihisi yale maji yakimwingia polepole, na chini ya barafu, lile ziwa nalo likipumua, asijue mpaka kati yake na ziwa uko wapi. Putulik, kwa uchovu wa njia, akasinzia ameketi.

Uzi wa ndoana ukakazika mkononi mwa Qumaq. Akauvuta kidogokidogo, bila kuutikisa mrija wala kumwamsha mzee, mpaka kichwa chekundu cha samaki kikajitokeza kwenye tundu.